Mwanangu Amekataa Kutoroka

Harlow Bend, Missouri
Alhamisi, 28 Juni 1956

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maktaba na Siku ya Watoro,
Harlow Bend.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA RIWAYA ZA WAVULANA NA MTO

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na wajumbe wako, na kwamba paa la maktaba halivuji tena. Mimi ni Orrin Haskamp, mpima nafaka katika ghala la bandarini, mkazi wa mji huu tangu kuzaliwa. Sijawahi kulalamikia kamati yoyote. Hata mlipolipaka rangi ya waridi lile benchi la kumbukumbu ya marehemu mama yangu, nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Kwa ufupi, mwanangu Wendell, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, amekataa kutoroka nyumbani.

Desturi yetu unaijua, lakini naiandika kwa ajili ya nakala nitakayobaki nayo. Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya uhuru ya Nne Julai, kila mvulana aliyetimiza umri huo hutoroka kwao, akavuka kwa chelezo cha magogo na mapipa hadi Kisiwa cha Mierebi, akalala huko usiku mmoja kama wavulana wa vitabuni, akarudi Jumapili kabla ya ibada. Kengele ya kwanza ni ya watoto kutoroka. Kengele ya pili ni ya akina mama kulia. Kengele ya tatu ni ya akina baba kunguruma kwamba mtoto akirudi atachunwa ngozi. Fomu ya kutoroka nimeijaza kwa wino. Mimi nimetia sahihi, mke wangu Verna ametia sahihi, na daktari amethibitisha kwamba masikio ya mtoto hayana tatizo. Kinachokosekana ni mtoro.

Jambo hili haliwezi kungoja mwaka mwingine. Mwishoni mwa Agosti kampuni inanihamishia Kansas ya ndani, kwenye ghala lililozungukwa na ngano pande zote. Nimekwenda kupaangalia. Kuna kijito nyuma ya kanisa. Nilimkuta ng'ombe amesimama katikati yake, na kwato zake nilikuwa naziona. Basi hii ndiyo Julai ya mwisho ya Wendell na mto. Mtoto aliyezaliwa akisikia honi za meli kabla hajasikia sauti ya baba yake, akiondoka hapa bila kulala mtoni hata usiku mmoja, siku moja ataniuliza ilikuwaje. Sijui nitamjibu nini.

Nilifanya kama baba yeyote makini. Mei ya mwaka jana nilikwenda maktaba kwa Bi Idella Strope, mkutubi wetu, ambaye amekuwa akiniazima vitabu tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Nilimwomba riwaya zote za zamani za hapa Marekani zinazohusu wavulana, mto, uhuru na kutotii wakubwa. Akanipa rundo. Nikamwekea Wendell mezani, nikamwagiza avisome vyote kwa mpangilio, kila siku baada ya kazi za nyumbani, na asiruke kurasa. Mimi nilivisoma nyuma yake, nikaandika maoni yangu kwenye shajara. Kutokana na maoni hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Vitabu hivi havifanyi kazi. Katika kila kimoja, mvulana akisikia tu honi ya meli, viatu vimeshavuliwa. Wendell amevisoma vyote na bado anafuta miguu mlangoni. Agosti iliyopita nilipatana na jirani yangu Floyd Mattingly, kinyozi, aache wazi lango la shamba lake la matikiti ili mwanangu apate kuiba moja, maana hakuna riwaya hata moja isiyo na tunda la wizi. Njia ya uani nilimwonyesha mtoto mwenyewe. Kesho yake nimekaa kwenye kiti cha kunyolea, povu limefika masikioni, Floyd ananiambia mbele ya wateja wote, "Orrin ndugu yangu, mwanao kaja kuniibia jana. Kapiga hodi mlango wa mbele, kavua kofia, kaniuliza, 'Bwana Mattingly, ungependa niibe lipi?'" Watu walicheka mpaka Floyd akalazimika kuweka wembe chini. Nilipomuuliza Wendell, alinijibu kwa upole, "Lakini Baba, alikuwa ananichungulia dirishani. Tena alinipungia mkono."

2. Vitabu vimemfundisha ubishi, lakini siyo ule niliouagiza. Nilitarajia ubishi wa kawaida, wa kukwepa kuoga na kuchelewa chakula. Badala yake, tarehe 10 mwezi huu nilimwita barazani, nikamwamuru rasmi atoroke Jumamosi ya tarehe 7 Julai, mara baada ya kengele ya kwanza. Nikamsomea vitu vya kubeba: mkate na nyama ya nguruwe, taa, dawa ya mbu, koti la mvua, na soksi za sufu, kwa sababu kisiwani asubuhi kuna umande. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante, Baba. Lakini hiyo siyo kutoroka. Hiyo ni kutumwa."

Nikamweleza kwamba wavulana wote wa mji huu hutoroka hivyo hivyo. Nikamkumbusha jinsi vyelezo vinavyofungwa kwa kamba moja nyuma ya boti ya zimamoto, vikafuatana kama vifaranga nyuma ya bata, ili asipotee mtu.

"Ndiyo maana," akasema.

Naiomba kamati inionyeshe ni kitabu gani, na ukurasa gani, alikookota hilo "ndiyo maana".

3. Hakuna baba. Hili limeniuma kuliko yote, kwa hiyo naomba uvumilivu wako. Nimesoma kila riwaya katika rundo lile nikimtafuta baba mmoja tu aliye hai, asiyelewa, mwenye kazi, anayempenda mwanawe na anayefahamu kufunga fundo. Hayupo. Baba akitajwa, amekufa kabla ya sura ya kwanza. Akiwa hai, ni mlevi. Asipokuwa mlevi, yuko mbali, na mtoto analelewa na shangazi mwenye fimbo. Nimejiuliza mara nyingi, hawa watunzi walikuwa na tatizo gani na sisi? Baba mwenye akili timamu akiingia tu kitabuni, inaelekea chelezo kitazama. Mimi sinywi, Ndugu Mwenyekiti. Sijafa. Kila jioni narudi nyumbani na vumbi la mahindi kichwani na ninauliza shule ilikuwaje. Nilitaka kumsaidia mwanangu awe huru, na katika kurasa zote zile sikuona mahali pa kusimama.

4. Soksi. Hakuna kitabu hata kimoja kinachotaja soksi.

5. Chakula chao hakielezeki. Wanakula kambare na mahindi ya kuchoma mwezi mzima na hakuna anayeumwa tumbo. Verna amesema nisilikazanie sana hili, kwa hiyo silikazanii.

6. Tangu tulipoanza matayarisho ya mwaka huu, vitu vinapotea nyumbani. Kamba ya kuanikia nguo haipo. Kikaango kidogo hakipo. Kazini nako mapipa mawili matupu yametoweka nyuma ya ghala pamoja na mbao kadhaa, na nimewakaripia vijana wa zamu ambao wameapa hawajui lolote. Siilaumu kamati moja kwa moja. Naweka kumbukumbu tu kwamba mji wenye vitabu vya namna hii usishangae maadili yakiporomoka.

7. Mkutubi wenu hakunisaidia. Nilipomweleza Bi Idella kwamba dawa aliyonipa haijaponya, aliniangalia juu ya miwani yake akasema, "Orrin mwanangu, wewe uliwahi kutoroka?" Nikamwambia nilitoroka mwaka 1932, kwa utaratibu, nikiwa wa nne kwenye kamba. Akasema, "Basi nenda nyumbani ukamwache mtoto." Nilitarajia ushauri wa kitaalamu. Na zaidi ya hapo, nimegundua kwamba Wendell hushinda kwenye ngazi za nyuma za maktaba akiangalia mto, na Bi Idella humruhusu. Nilipomuuliza mama huyo kile mtoto anachoangalia, alisema, "Anaangalia maji yanakopita." Mji mzima unajua maji yanakopita. Yanapita hapo hapo.

8. Heshima yangu imeshuka. Kwa kuwa amri ya baba lazima iwe na nguvu, juzi nilimfungia Wendell chumbani kwake na kumwambia hatatoka humo, isipokuwa kwa chakula, mpaka atakapokubali kutoroka.

Verna alikuwa kwenye ngazi na nguo za kupiga pasi. "Orrin," akasema, "hebu jisikilize."

Nilijisikiliza. Sikuona kosa.

"Unamfungia asitoke mpaka akubali kutoka?"

"Mpaka akubali kutoroka," nikamsahihisha. Akaenda zake kupiga pasi, mabega yanamtikisika. Jioni ile ile habari zilikuwa zimeshafika kwa kinyozi. Floyd ananyoa watu huku anatangaza, "Wenzetu wanafunga milango watoto wasitoroke. Orrin kafunga ili wake atoroke!" Nimeamua kuacha nywele ziote. Mlango naufunga kwa ufunguo kila jioni. Dirisha nimeliacha wazi kwa sababu ya joto hili la Juni, maana mimi siyo mkatili.

Kutokana na hayo yote, naiomba kamati yako ichukue hatua zifuatazo.

Kwanza, riwaya zote za wavulana na mto ziondolewe kwenye rafu ya watoto na zipelekwe kwenye rafu ya kilimo, ambako hazitampa mzazi matumaini ya bure.

Pili, zikirudishwa, kila moja ibandikwe karatasi mbele yenye muhuri wa kamati, inayosema kwamba baba wa mvulana huyu yu hai, ni mzima, na alitia sahihi.

Tatu, na hili ndilo la haraka. Kwa kuwa mimi na mama yake tumeshindwa, naomba kamati imwandikie sherifu wa wilaya aje na gari lake asubuhi ya tarehe 7 Julai, amkamate Wendell Haskamp nyumbani kwake, amfikishe ukingoni, ampakie kwenye chelezo kilichokaguliwa, na amlazimishe awe huru hadi Jumapili asubuhi. Akileta ukaidi, afungwe pingu, ila ziwe za mbele ili aweze kuvua samaki. Nitagharamia mafuta ya gari. Soksi nitampa sherifu mkononi.

Najua ombi hili si la kawaida. Lakini nimeshafanya mazoezi ya kunguruma tangu Machi, juu kabisa ya ghala ambako hakuna wa kumsumbua, na vijana wa zamu wanasema sauti yangu sasa inatisha hata njiwa. Itakuwa aibu kubwa kengele ya tatu ikilia na mimi nimesimama pale ukingoni na mwanangu kando yangu, ameshika mkono wangu, ananiuliza mbona sijaanza.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote, kwa mama wa nyumbani kwako, na kwa mpiga kengele, ambaye mwaka jana aliruka kengele moja na kuwachanganya akina mama. Namtakia umakini mwaka huu. Kwa Bi Idella pia, ingawa tumetofautiana.

Nabaki mimi, raia wenu mwenye subira inayokaribia mwisho,

Orrin J. Haskamp
Mpima nafaka

Nyongeza. Jumamosi, 30 Juni.

Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu leo asubuhi, maana jana sikuwahi posta. Naongeza haya kwa penseli, maana niko juu ghalani na kalamu nimeiacha chini.

Nilipofungua mlango wa Wendell kumwita kwa kifungua kinywa, chumba kilikuwa kitupu. Pazia lilikuwa nje ya dirisha. Riwaya zote zilikuwa mezani, zimepangwa kwa ukubwa na kufungwa kwa uzi, tayari kurudishwa. Sikumwambia Verna. Nilikimbia hadi ghalani, nikapanda ngazi mpaka kile chumba cha juu ambako tuna darubini ya kuangalia matishari ya nafaka yakikaribia.

Yuko ncha ya chini ya Kisiwa cha Mierebi, kwenye mchanga. Chelezo chake kimevutwa nje ya maji kama inavyotakiwa, kwa sababu matishari yakipita huacha mawimbi. Mapipa ni yetu, na mbao ni zetu. Naomba radhi kwa vijana wa zamu, na leo nitawaomba wenyewe. Kamba ni ile ya nguo, na fundo, nimeliangalia vizuri, ni langu, lile nililomfundisha akiwa mdogo kwa kutumia mkanda wa koti langu la nyumbani. Kikaango cha Verna kiko motoni. Mtoto amelala chali, miguu iko majini, na hafanyi kitu chochote. Hasomi wala havui samaki. Nimemtazama muda mrefu na bado hajafanya kitu.

Nilishuka mbio nikafungua boti ya ghala. Nilishakaa, nimeshika kasia, na nimesukuma ukingo kwa mguu mmoja. Hapo nikakumbuka lalamiko langu namba tatu, la baba na chelezo kinachozama. Kisha nikaifunga tena boti, nikapanda juu.

Verna alinikuta huku. Alinyoosha mkono nikampa darubini. Akaangalia.

"Amekonda," akasema.

"Tangu jana?"

"Nyamaza, Orrin." Akaangalia tena. "Yule ni yeye anacheka peke yake, au ni jua?"

"Anacheka."

Akalia kidogo, bila kengele. Mimi nilinguruma, kwa sauti ya chini, ili mazoezi yasipotee bure. Halafu akanirudishia darubini akasema, "Wewe hujui kitu. Sawa?"

"Sijui kitu."

"Mimi pia sijui kitu. Chakula cha mchana nitapika cha watu watatu, kama kawaida."

Nimempigia simu Bi Idella kumuuliza kama amemwona Wendell. "Sijui kitu, Orrin mwanangu," akasema, haraka kuliko swali lenyewe. Floyd, ambaye duka lake linaangalia mto na ambaye hakuna kinachompita, ameniambia kwamba siku hizi macho yake hayaoni mbali. Alisema bila kucheka. Kwa hiyo nitakwenda kunyolewa Jumatatu.

Ndugu Mwenyekiti, malalamiko namba moja hadi nane nayafuta. Maombi pia nayafuta yote, hasa lile la sherifu. Tafadhali, kama kuna mtu ameshamtajia habari hizi, mwambieni asije. Vitabu viacheni pale pale vilipo. Nitavirudisha Jumatatu, isipokuwa kimoja ambacho nimeanza kukisoma upya bila shajara. Na Jumamosi ijayo, Wendell akija ukingoni kuwatazama wenzake wakifungwa kwenye kamba, na mtu akauliza mbona yeye hatoroki, semeni fomu yake imepotea. Asijue kwamba tunajua. Naomba sana jambo hilo. Atakuja nyumbani na njaa, atasema alikuwa kwa rafiki, na mimi nitamuuliza shule ilikuwaje ingawa ni likizo.

Soksi za sufu nimezikuta kitandani kwake, zimekunjwa vizuri. Nimezivaa mimi. Huku juu kuna upepo, na bado nipo sana.